Kijaluba

Saa nane usiku, Upanga. Umeme umekatika tena
na mashine inazunguka kwa hisani ya jenereta.
Mvuto wa dunia, mara laki moja,
nimeubebesha mrija mmoja wa maji ya damu
wenye namba 0417
na jina ambalo sitakiwi kulijua.
Nalijua. Ni Bi Mwanaidi Shomvi wa Magomeni Mikumi,
aliyenikopesha sukari mwaka mzima bila daftari.

Ninachokitafuta hakionekani.
Vipange elfu moja, bega kwa bega,
vitatosha upana wa unywele mmoja wa mvi.
Vitabu vina jina lake refu.
Mimi nakiita kijaluba,
kama kile cha nyanya yangu, cha shaba,
kilicholala kwenye pindo la kanga
kikipita mkono kwa mkono barazani,
na kila mtu akijua kilichomo kabla hakijafunguliwa.

Hiki hakina tambuu.
Uvimbe wa titi lake umekifinyanga
kwa ngozi yake wenyewe,
umekitia neno moja,
ukakiachia mkondo wa damu
kiende kikatangulie.

Askari walikuwa njiani.
Nawajua, nimewahesabu kwa darubini,
wenye kiini kikubwa na subira ndogo.
Lakini kabla ya kumfikia adui
wamekutana na kijaluba.
Kinanyoosha kitu kama mkono.
Askari anaupokea. Ni adabu tu.
Na ndani ya adabu hiyo mmeandikwa:
tulia.

Akatulia.
Hakuna risasi, hakuna maiti langoni.

Hapa getini kwetu, Mkude mlinzi
alipitisha lori usiku wa kuamkia Idi
kwa bahasha moja ya kaki,
na asubuhi akaapa kwa wanawe kuwa hakuona kitu.
Nilimtazama machoni. Hakuwa akidanganya.
Hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

“Andika namba,” husema Daktari Rugemalira,
“hadithi waachie wenye nafasi.”
Naandika namba.

Ila kuna mrija wa pili, pembeni, kwenye ndoo ya barafu.
Wa mdogo wangu Mwajabu, mimba ya miezi saba,
aliyejitolea damu ili niwe na cha kulinganisha.
Mtoto tumboni nusu ni mgeni:
nusu ni Dismas, fundi wa majokofu wa Keko,
na kwa sheria ya askari mgeni hufukuzwa.
Hafukuzwi.
Kondo nalo linatuma vijaluba,
usiku na mchana, makundi kwa makundi,
na nilipovifungua wiki iliyopita
nikakuta mwandiko ule ule.
Tulia. Huyu ni wetu.

Basi uvimbe haukulibuni neno.
Ulilidokoa kwa mama.
Na mimi niliyekuja kazini nikiwa na kiberiti,
nikitaka barua zote zichomwe,
nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo
nikisikiliza mashine,
sijui moto nianzie wapi.

Inapungua kasi. Inakohoa. Imesimama.
Nautoa mrija, nauinua kwenye taa:
chini hakuna kitu.
Kwa hiyo tunafanya kama tulivyofundishwa:
unachukua kalamu nyeusi,
unachora duara dogo kwa nje ya plastiki
pale wanapopaswa kuwa,
kisha unamwaga maji taratibu
ukiliamini duara.

Kunguru wameanza ugomvi kwenye bati la mochwari.
Alfajiri hii nitapita Magomeni,
naye atakuwa mlangoni na fagio lake la chelewa.
Hataniuliza majibu. Ataniuliza kwa njia yake:
“Sukari ingalipo kwako?”
Nami nitamwambia ipo, bibi,
ipo tele,
tulia.